Daktari Aliposema Uvimbe Haupasuliki



Ujumbe wa leo ni mrefu kuliko ule wa asubuhi mliouzoea, kwa hivyo weka chai karibu ndio uanze.

Juzi usiku, mwendo wa saa nne, dada mmoja wa upande wa Ogembo aliniandikia WhatsApp. Kaka yake, kijana wa bodaboda wa miaka 31, amepatikana na uvimbe kwenye mshipa mkuu wa neva, ule unaoshuka kutoka kwenye ubongo ukipita ndani ya mifupa ya mgongo. Madaktari walichukua kipande kidogo cha kupima, kisha wakawaambia kwamba uliobaki hauwezi kutolewa kwa kisu, kwa kuwa umejisokota ndani ya neva zenyewe. Akamalizia hivi: "Pastor, wamemkatia tamaa. Tumemrudisha nyumbani. Tuombee tu."

Niliandika jibu mara tatu, nikafuta mara tatu. Maneno hayo, "wamemkatia tamaa", niliwahi kuyatamka mimi mwenyewe juu ya mtoto aliye hai mpaka leo, anayetembea akiburuta mguu wa kushoto. Wengi wenu mmesikia ushuhuda wa mtoto huyo. Mwaka mzima niliusimulia vibaya.

Ilikuwa 2018. Mama mmoja wa kanisa letu, huku mpakani mwa Kisii na Nyamira, alikuja kwenye kesha ya Ijumaa akiwa amembeba mgongoni mvulana wa miaka 6. Mtoto wa miaka 6 habebwi mgongoni. Alimweka chini mbele ya madhabahu, na miguu ikalala pale kama si yake. Kwa wiki moja alikuwa akilia usiku kwamba mgongo unamuuma. Kliniki moja ilimpa dawa ya minyoo na ya maumivu. Jumatano akaamka, akataka kusimama, akaanguka.

Nilimwekea mikono. Niliomba kwa sauti kubwa, na katikati ya maombi nikasema yale tunayoyasema: kwamba naona mkono wa mtu wa karibu, adui wa nyumbani, na usiku huu mkono huo unakatwa. Wapendwa, sikuwa nimeona kitu. Ni maneno ya madhabahuni, yanapanda yenyewe ukiwa umeshika maikrofoni na watu wanaitikia. Kisha nikamwambia mama amwache mtoto kwenye chumba cha maombi, tufunge siku saba.

Aliyezaliwa Gusii anajua kwamba neno kama hilo halibaki kanisani. Kufikia Jumapili lilikuwa limeshafika sokoni, limezunguka, na limepata jina. Jina lilikuwa la nyanya ya mtoto, mzaa baba, mjane anayeishi peke yake nyuma ya shamba la majani chai. Usiku huo vijana walifika kwake na petroli. Mzee wa mtaa alikuwa amenusa habari mapema. Alimpitisha yule mama katikati ya chai gizani, akalala kwa naibu wa chifu. Walichoma jiko lake na kuku wanne.

Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2021, niliposoma habari za wanawake wanne wazee waliouawa kule Marani kwa kushukiwa uchawi, nilizima simu nikakaa gizani kwa muda mrefu. Kati ya hao na yule mama palikuwa na mzee mmoja wa mtaa tu.

Aliyevunja mfungo wangu ni mke wangu. Jumatano, siku ya tano, aliingia kumbadilisha mtoto nguo, akatoka akiwa amekunja uso. "Baba Debora, huyu mtoto hajakojoa tangu jana asubuhi. Tumbo limekuwa gumu kama ngoma. Hii si ya kufunga tena, hii ni ya hospitali." Nikajaribu kumjibu kwa andiko. Hakusubiri limalizike, alikuwa ameshampigia mtu wa probox.

Hospitali ya kaunti walimwekea mpira wa mkojo, na siku hiyo hiyo wakatupa barua ya kwenda Kisumu. Tulishuka kwa njia ya Chabera, Sondu, Ahero, kichwa cha mtoto kikiwa mapajani mwangu. Nilikuwa nimefunga siku tano na sikuhisi njaa, nilihisi aibu tu. Tukafika ile hospitali kubwa ya rufaa ambayo wazee bado wanaiita "Russia", kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Warusi.

Daktari aliyetupokea alikuwa mama mpole. Alimbonyeza mtoto tumbo, kisha akamfungua kinywa na kuanza kutikisa magego. Nilishangaa, kwa sababu mgonjwa ni wa miguu. Mawili yalikuwa yamelegea. Akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ametuuliza: "Amekulia wapi huyu?" Mama akasema Kendu Bay. Baba yake alikuwa akiuza ndizi za Kisii huko kando ya ziwa, na mtoto aliishi huko tangu mchanga hadi miaka mitano. "Malaria?" Mama akacheka kwa uchungu. Malaria ilikuwa kama jirani.

Wakampiga picha za mgongo, wakachukua sampuli kwa sindano. Jibu lilikuwa limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto inayotokana na chembe za kinga ya mwili. Ilikuwa imeota tumboni kando ya uti wa mgongo, ikapenya kwenye vitundu vidogo ambavyo neva hutokea, ikaukaba mshipa mkuu. Ndiyo sababu miguu ilizima na mkojo ukagoma.

Baba mdogo wa mtoto alikuwa ameuza ng'ombe. Akamwambia daktari, "Pesa ya upasuaji iko." Daktari akajibu, "Uvimbe huu hatuupasui."

Sisi Wagusii ni watu wa kisu. Mababu zetu walikuwa na ababari, wapasuaji waliofungua fuvu la mtu aliyepigwa rungu, wakakwangua mfupa, na mtu akaishi. Wazungu walikuja kupiga picha na kuandika. Kwa mtu wetu, ugonjwa usiopasuliwa ni ugonjwa ulioshinda. Baba mdogo alinigeukia akasema kwa Kigusii turudi nyumbani, mtoto akafie karibu na watu wake. Nami mchungaji, niliyesoma chuo cha Biblia na kupewa cheti, nikaitikia kwa kichwa nikasema, "Wamemkatia tamaa."

Yule daktari alisikia. Akavuta kiti, akaketi mbele yetu. Alisema: fikirieni bomba limepita ardhini na ndani yake kuna waya wa stima. Udongo umeporomoka juu ya bomba, waya umebanwa, taa za nyumbani zimezima. Mkichimba kwa jembe mtaukata waya. Na udongo wenyewe ni wa ajabu, unaongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, kwa hivyo kabla mshono haujapona uvimbe umerudi. Lakini kitu kinachokua kwa kasi hivyo ndicho dawa inachokiua kwa urahisi, maana dawa hizi hushika chembe zinapogawanyika. "Sikusema hakuna matibabu," alisema. "Nimesema matibabu yake ni dawa. Na yanaanza leo, kwa sababu neva iliyokabwa haingojei."

Jioni hiyo alipewa deksamethasoni kupunguza mgandamizo. Akawekewa maji mengi ya dripu na kidonge cha kulinda figo. Nikauliza, figo zimeingiaje? Nikaelezwa kwamba uvimbe huu unaweza kuyeyuka haraka mpaka mabaki yake yakaziba figo, na mtoto akafa kwa sababu dawa imefanya kazi. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikidhani tumeletwa kungoja mwisho, kumbe wao wanaogopa uvimbe usiishe kwa kasi mno!

Kisha zikaja dawa zenyewe. Siklofosfamidi mshipani. Vinkristini mshipani, na muuguzi akaisoma chupa mara mbili na mwenzake, kwa sababu dawa hiyo ikidungwa mgongoni kwa makosa inaua. Methotreksati ndiyo iliyodungwa mgongoni, kwenye maji yanayozunguka neva. Nilijifunza majina hayo kama nilivyojifunza majina ya wafalme wa Yuda.

Kuhusu vinkristini, ngoja niseme jambo. Inatokana na ule mmea mdogo wa maua ya waridi yenye petali tano ambao asili yake ni Madagaska, na ambao wengi mmeupanda mlangoni kwa urembo. Tafadhali usiende kuuchemsha, ni sumu, na inachukua majani mengi mno kupata dawa kidogo sana. Lakini mimi huwa nasimama mbele ya ua lile nikanyamaza.

Siku ya nne tumbo lilikuwa limeanza kulainika. Siku ya nane nilikuwa nimeketi kitandani mwake, naye akasema, "Pastor, angalia." Kidole gumba cha mguu wa kulia kilisogea. Kidogo tu, kama mdudu chini ya shuka. Nilienda chooni nikalia huko.

Baadaye nikasoma habari za yule ambaye jina lake limebandikwa kwenye ugonjwa huu. Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland, mtu aliyeokoka na asiyeficha imani yake, mwenye jicho moja tangu utotoni. Mwaka 1957 pale Mulago, Kampala, aliletewa mtoto aliyevimba mataya. Baadaye akaona wengine, wengine wamevimba matumbo, wengine wamepooza miguu. Akaandika habari zake mwaka 1958. Mwaka 1961 alipanda gari kuukuu na madaktari wawili wamisionari, Ted Williams na Cliff Nelson, wakazunguka Afrika Mashariki na Kusini zaidi ya kilomita 15,000, wakiuliza hospitali hata hospitali: mnao watoto hawa? Wakaona kwamba ugonjwa unafuata nchi za joto na mvua, zile za malaria, na karibu na ikweta hauonekani sana juu ya mita 1,500. Ndiyo sababu milimani kwetu ni nadra, na ndiyo sababu daktari wa Kisumu aliuliza mtoto amekulia wapi. Leo inajulikana kwamba malaria ya mara kwa mara ikikutana na virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 kutoka sampuli za watoto wa Uganda, ndipo hatari inapoanzia.

Kinachonigusa ni hiki. Burkitt alikuwa mtu wa kisu, na kisu kilimshinda. Alikata mataya na uvimbe ukarudi. Mashine ya mionzi Kampala hakuwa nayo. Ndipo yeye huko Mulago, na daktari Peter Clifford huku Nairobi, wakajaribu dawa mpya za saratani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na watoto wengine waliodungwa sindano chache tu wakapona wakaenda nyumbani. Mwaka 1967 kikafunguliwa kituo cha limfoma pale Mulago, kilichokua kikawa taasisi ya saratani ya Uganda. Wakati huo hata nchi tajiri zilikuwa bado zinajifunza kwamba saratani inaweza kuondolewa kwa dawa peke yake. Sehemu ya somo hilo ilitoka hapa kwetu, kwa watoto ambao hawakuweza kupasuliwa.

Soma 2 Wafalme sura ya 20. Isaya anamletea Hezekia neno kutoka kwa Bwana kwamba atapona. Neno limeshatoka. Kisha nabii yule yule anaagiza waletwe tini, wakandike jipu. Nimehubiri sura ile labda mara kumi, na kila mara nilikaa kwenye machozi ya Hezekia na kivuli kilichorudi nyuma. Tini nilizipita mbio.

Mtoto alimaliza mizunguko sita. Nywele zilianguka, akatapika, akakonda mpaka masikio yakaonekana makubwa. Kadi ya NHIF ya wakati ule ilibeba sehemu. Ile pesa ya ng'ombe iliisha kwa nauli, chakula na dawa ambazo hazikuwepo dukani mwa hospitali. Baada ya mzunguko wa kwanza uvimbe haukushikika tena kwa mkono, na baba yake akaanza kufunga mizigo. Daktari alimzuia mlangoni. Akamwambia usichokiona bado kipo, na kikirudi kitakuwa kimeshaizoea dawa.

Alirudi kanisani kwa fimbo mbili, baadaye moja. Sasa sikia dhambi yangu ya pili.

Nilimsimamisha mbele nikasema, "Hospitali walishindwa kumpasua, Yesu akamfanya atembee!" Kanisa lililipuka. Hakuna neno la uongo katika sentensi ile, ila mizunguko sita ya dawa haimo. Niliirudia kwenye mikutano Nyansiongo, Suneka, Keroka. Kule Keroka, baada ya mkutano, mwanamume alinifuata nyuma ya jukwaa karibu na jenereta. Binti yake alikuwa amebakiza mizunguko miwili ya kemo. Akaniambia amebarikiwa sana, amepata imani, kwa hivyo hatamrudisha. Akanishukuru. Akanipa mia mbili za mafuta ya gari.

Nilimshika mkono nikampigia kelele sikioni juu ya jenereta: "Yule mtoto alipewa dawa! Zote! Mpaka ya mwisho!" Alinitazama kama mtu aliyeuziwa shamba la mwenyewe. Nilimrudishia mia mbili zake, nikamwongezea nauli. Jumapili iliyofuata niliueleza ushuhuda upya mbele ya kanisa, pamoja na siku tano za chumba cha maombi na petroli ya wale vijana. Familia mbili zilihama. Sawa tu.

Daktari hakuwahi kuniambia kwamba zile siku tano ndizo zilizochukua mguu wa kushoto. Alisema tu kwamba neva ikikabwa kwa muda, nyingine hurudi na nyingine hazirudi. Hesabu nilifanya mwenyewe. Kijana sasa ana miaka 13, yuko gredi ya saba, ni golikipa, na ukimhurumia anakasirika.

Nyanya yake nilimwendea nikapiga magoti jikoni mwake, lile jiko jipya. Alininywesha chai ya maziwa, akasema amesamehe. Lakini kanisani kwangu hajarudi. Anaabudu na Wasabato sasa, na Jumamosi nikikutana naye njiani amevaa vizuri na Biblia yake, ananisalimia kwanza.

Basi nirudi kwa dada wa Ogembo. Nilimpigia badala ya kuandika. Nilimwambia ukweli wote, kwamba uvimbe wa kaka yake si ule wa mtoto wetu. Ule ulikaba mshipa kutoka nje, huu umezaliwa ndani ya mshipa wenyewe, na haiyeyuki kwa siku nane aina hiyo. Kwa watoto, uvimbe wa namna hiyo unaokua polepole hupewa kaboplatini pamoja na vinkristini kwa muda mrefu, kuuzuia usiendelee. Kwa watu wazima mara nyingi ni mionzi, na kuna vidonge vya temozolomidi. Wakati mwingine dawa huusimamisha. Wakati mwingine huupunguzia mwendo tu, na mtu akapata miaka ya kukaa na watoto wake. Wakati mwingine haisaidii. Sikumwahidi. Ila kusema haupasuliki si kusema nenda nyumbani, na nilipombana akakiri kwamba daktari hakusema waende nyumbani. Aliwapa karatasi ya kwenda Nairobi kwa daktari wa saratani. Waliikunja wakaiweka ndani ya Biblia.

Nikamwambia aitoe. Nikamwandikia maswali ya kuuliza wakifika: uvimbe huu unaitwaje kwenye majibu ya maabara, dawa ni ya kuponya au ya kuzuia, ni mizunguko mingapi, SHA inalipa nini na sisi tunalipa nini, akizidiwa usiku tumpigie nani. Na zile tembe za deksamethasoni alizopewa asiziache ghafla hata akijisikia nafuu, mpaka daktari amshushe polepole. Na akishindwa kukojoa, au ganzi ikipanda, wasingoje Jumanne.

Jumanne ndiyo safari. Tunaondoka Kisii saa kumi na moja alfajiri, nami naenda nao. Nitakuwa na mafuta ya upako mfukoni, na ile karatasi kwenye bahasha. Gari tumepata, ila lazima kiti cha nyuma kilale ili ajinyooshe, kwa hivyo watu wawili wa familia watatangulia kwa basi Jumatatu usiku na hawana mahali pa kufikia. Kama uko Nairobi, upande wa Kahawa au Githurai, na una nafasi ya watu wawili kwa usiku mbili au tatu, niandikie leo kabla ya saa mbili usiku.